Nyumba inavutwa, kilomita 3,000, na Chalinze hakuna

Vuta kigoda. Wiki tatu mlizonikosa kwenye ukurasa huu nasikia wengine mlishaanza kunizushia pale kijiweni: mara jamaa kachacha, mara mhariri kamtimua. Wapi bwana! Nilikuwa majuu. Tena siyo yale majuu ya kupiga picha chini ya ghorofa refu ukawatumia washikaji ili roho ziwaume. Nilikuwa Australia, katikati kabisa ya nchi, kule wenyewe wanakoita Outback, ambako unaendesha gari saa nzima usione hata mbuzi wa mtu.

Kabla hujaanza kuuliza hela nilitoa wapi, nikujibu kabisa. Hii kazi ya kulipwa kwa makala haikununulii hata tiketi ya basi kwenda Moshi na kurudi. Aliyelipa ni mjomba, kaka yake mama, aliyeondoka Tanga mwaka 1989 na sasa anakaa Adelaide, kusini mwa nchi ile. Miaka yote hiyo kazi yake ni udereva wa malori. Alinipigia simu usiku, akaniambia, "Mjomba, njoo. Nasafiri na binamu yako kwa gari mpaka Darwin. Nataka mtu wa kukaa katikati."

Kukaa katikati maana yake nini, niliijua nilipofika. Binamu yangu ana miaka 20. Alikuwa anasoma chuo, akakiacha mwaka wa kwanza bila kumwambia mtu, na mzee akaja kulijua hilo kwa barua iliyotumwa nyumbani. Tangu siku hiyo, miezi minane, wanaishi nyumba moja na wanaongea kama konda na abiria: "Nipishe." "Haya." Mke wa mjomba alikuwa ameshachoka kupeleka salamu kutoka chumba hiki kwenda kile. Yeye ndiye aliyetoa wazo la safari, halafu akasema ana kazi, haji. Mama mwenye akili sana yule.

Sasa nikupe habari ya usafiri wenyewe. Karavani ni nyumba ndogo yenye magurudumu, haina injini, inafungwa nyuma ya gari na kuvutwa. Ndani mna vitanda, jiko la gesi, friji, meza, tangi la maji na choo. Ya kwetu ilikuwa na uzito wa tani mbili na ushee, na gari la kuivuta ni Land Cruiser ya mjomba, ya zamani lakini inatunzwa kama bibi harusi. Choo chenyewe kina kasha la kuchomoa, unakwenda kulimwaga mahali maalumu. Usiniulize ni nani alikuwa analimwaga. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Wenzetu kule hiki kitu wanakihusudu ile mbaya. Wastaafu ndio usiseme. Mtu akishapata pensheni yake hakai barazani kusubiri wajukuu. Ananunua karavani, yeye na bibi yake wanaingia barabarani miezi mitatu, minne. Majira ya baridi ya kusini yakianza, Juni mpaka Agosti, wao hao wanapanda kaskazini kwenye joto, kama ndege.

Njia tuliyoshika inaitwa Stuart Highway. Jina ni la John McDouall Stuart, mpelelezi aliyevuka nchi ile kutoka kusini mpaka pwani ya kaskazini mwaka 1862. Barabara inaanzia mji wa Port Augusta na kumalizikia Darwin, na ukiihesabu safari tangu Adelaide unapata kama kilomita 3,000. Ili uielewe, toka Dar nenda Mwanza, geuza urudi Dar, halafu bila kupumzika chapa mwendo Arusha. Ndiyo hiyo. Lami kwa upande wa kusini iliunganika yote mwaka 1987 tu. Kabla ya hapo ni vumbi na mashimo.

Na watu hakuna. Jimbo la kaskazini, Northern Territory, ni kubwa kuliko Tanzania nzima, lakini watu wake wote ni kama 250,000. Wachukue hao wote uwamwage Temeke, hutajua kama kuna wageni. Tulizoea sisi, basi likifika Chalinze tu madirisha yanafunikwa na mayai ya kuchemsha, korosho na maji baridi. Kule hakuna Chalinze. Kuna kituo kimoja chenye sheli, baa, mgahawa na vyumba vya kulala chini ya paa moja, halafu kilomita 100 au 200 za udongo mwekundu na vichaka, halafu kingine. Usiponunua hapa, umekula jeuri yako.

Kwa hiyo mjomba ana sheria zake. Ya kwanza, usipite sheli bila kujaza, hata kama mshale unasoma nusu. Gari linavuta nyumba, linakunywa mafuta karibu mara mbili ya kawaida. Ya pili, maji ya kunywa yanakaa sehemu mbili, mengine kwenye karavani na mengine garini, ili tangi moja likitoboka msibaki mnatazamana. Ya tatu, jua likianza kuzama mnatafuta pa kulala. Kangaruu wanatoka jioni na alfajiri, ng'ombe hawana uzio, ngamia wa porini nao wamo. Kumgonga ngamia usiku ni sawa na kugonga kibanda cha chipsi. Ya nne, kila mkisimama unazunguka na kugusa kila gurudumu kwa kiganja. Likiwa la moto kuliko wenzake, kuna jambo.

Binamu kazi yake ilikuwa kutazama dirishani na vitu vyake masikioni. Mimi katikati, kweli kweli. Nikimwambia mzee hadithi, yule hacheki. Nikimwonyesha binamu emu anavyokimbia na manyoya yake kama bibi aliyeshika kanga, mzee hageuki. Kaazi kweli kweli.

Halafu kuna haya malori. Bongo umezoea semi. Kule kuna lori moja linavuta matela matatu, urefu mpaka mita 53 na nusu, yaani panga mabasi manne makubwa halafu bado linayazidi. Likikupita, kwanza upepo unaisukuma karavani pembeni, halafu unainyonya irudi. Mjomba anapoliona kwenye kioo anachukua redio ya upepo, anafungua chaneli 40 ya madereva wa malori, anamwambia jamaa nyuma, "Barabara nyeupe, pita." Lori linapita kama dakika nzima, dereva anashukuru kwa redio, basi. Hakuna honi, hakuna matusi ya mama. Mkipishana na gari lolote dereva ananyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kukusalimu. Nilihesabu siku ya kwanza mpaka nikachoka.

Siku ya pili tukatoka kituo kinachoitwa Glendambo. Kutoka hapo mpaka mji wa Coober Pedy ni kama kilomita 250 na katikati hakuna sheli wala duka. Tumekwenda kama kilomita 120, mjomba akasimama kukagua. Akazunguka upande wa kushoto wa karavani, akagusa gurudumu, akauvuta mkono kama aliyeshika pasi. Harufu ya grisi iliyoungua. Beringi imekufa.

Jamaa, sikiliza. Ukiharibikiwa Kitonga, ndani ya dakika kumi wana mafundi sita wamelala chini ya gari na kila mmoja ana bei yake. Pale palikuwa na upepo tu. Julai asubuhi baridi inauma, lakini saa sita jua liko juu na kivuli ni cha karavani yenyewe. Mjomba anatembea na beringi za akiba, hilo siyo tatizo. Akapiga jeki, akafungua gurudumu, akatoa habu. Tatizo likajitokeza: chuma cha ndani cha ile beringi ya zamani kimeng'ang'ania kwenye ekseli kwa joto, hakitoki. Akagonga. Akapaka mafuta. Akagonga tena. Wapi.

Simu zetu hazikuwa na netiweki hata kidogo. Binamu akatoa vitu masikioni, mara ya kwanza tangu Adelaide, akaangalia nyuma tulikotoka. Kulikuwa na kilima, mbali, kama kilomita sita hivi ukikadiria kwa macho. Akasema anakwenda kule juu kutafuta netiweki, atarudi. Akachukua chupa moja ya maji.

Mzee akasema, "Hapana."

Binamu akasema yeye siyo mtoto.

Mzee akasema, "Sijasema mtoto. Nimesema huendi."

Nikaona sasa zile kelele za miezi minane zinatoka leo, tena mahali ambapo hakuna jirani wa kuja kuamua. Mjomba akaweka nyundo chini, akakaa kwenye ngazi ya karavani, akaanza kusimulia. Sikutegemea sauti ile, ya chini kabisa.

Alisema Desemba 1998, wakati yeye ndiyo ameanza kushika malori ya masafa marefu, wageni wawili kutoka Austria, kijana na mpenzi wake, walikwenda na gari mpaka ukingoni mwa Ziwa Eyre, mashariki ya barabara hiihii. Gari likazama mchangani. Pale pale karibu palikuwa na tangi lenye maji. Wakasubiri, hakuna aliyepita, wakaamua kutembea kwenda kijiji cha William Creek, kama kilomita 60. Njiani kijana akashindwa, akageuza akarudi kwenye tangi. Msichana akaendelea. Kijana alipona. Msichana walimkuta amekufa njiani kwa joto na kiu. Gari lilikutwa palepale lilipozama.

"Polisi wa nchi hii," mjomba akasema, "wanakutafuta kwa ndege. Gari lina paa kubwa, linang'aa, linaonekana. Mtu ukimtazama kutoka juu ni kama kichaka. Ndiyo maana wanatuimbia kila siku: kaa na gari. Sisemi huwezi kufika pale kilimani. Nasema ukiteguka mguu, mimi nitakutafuta wapi?"

Binamu akasimama na chupa yake mkononi. Halafu akauliza kitu ambacho sikukitegemea. "Kwani wewe ungekuja kunitafuta?"

Mzee akamwangalia. Akasema, "Ningekufa naye nani mwingine?"

Mimi hapo nikajifanya natafuta spana chini ya gari. Kuna wakati mtu wa katikati anatakiwa atoke katikati. Nilikaa huko chini muda mrefu mpaka mgongo ukauma, nikasikia wanaongea. Habari ya chuo, habari ya ile barua, habari ya kozi aliyochaguliwa ambayo hakuitaka na hakuthubutu kusema, kwa sababu baba yake kila akiwapigia simu Tanga alikuwa anajisifu kwa shangazi kwamba kijana anasomea uhasibu. Mzee naye akasema ya kwake: kwamba yeye alikwenda nchi ile na cheti cha kidato cha nne na begi moja, na usiku kwenye lori alichokuwa anakiwaza ni kijana wake kukaa ofisini penye kiyoyozi. Hakuna aliyelia, hakuna aliyekumbatiana, hii siyo sinema ya Kihindi. Lakini waliongea.

Magari yalikuwa yanapita, mojamoja. Na nikwambie, hakuna hata moja lililopita bila kupunguza mwendo. Kila dereva alishusha kioo kuuliza kama tuna maji na kama tuko salama. Lori la matela matatu lilitujulisha kwa redio kwamba lisingeweza kusimama pale, ila dereva akasema akifika mbele atatoa taarifa. Saa mbili zikapita. Halafu ikaja karavani nyingine, imeandamana na mzee mmoja Mzungu wa miaka 70 na kitu na mkewe, wastaafu. Mzee akashuka, akachungulia ile ekseli, akacheka. Kazi yake maisha yote ilikuwa karakana. Akatoa kimashine kidogo cha kukatia chuma, cha betri, akakata ile beringi taratibu kama daktari, ikaanguka. Dakika 20. Mkewe huku anatupa chai na biskuti, ananiuliza Tanzania ni karibu na wapi.

Mjomba akatoa hela. Yule mzee akakataa. Akasema tukimkuta mtu amesimama mbele, na sisi tusimame. Wakaondoka. Majina tuliambiana, lakini ya kwao nayaacha kwao.

Coober Pedy tuliingia jua linazama. Huo mji, mtu wangu, usipime. Mwaka 1915 mvulana wa miaka 14 aliokota pale jiwe la opali, vito vile vyenye rangi zote kama mafuta juu ya maji, na tangu hapo watu wanachimba. Mchana wa kiangazi joto linapita nyuzi 40, kwa hiyo wenyeji wakaona isiwe tabu, wakahamia chini ya ardhi. Nyumba, kanisa, hoteli, vyote vimechongwa ndani ya mwamba, na kule ndani hali ya hewa haibadiliki sana mwaka mzima. Juu kumebaki vichuguu vya udongo mweupe na mashimo ya migodi, mpaka wameweka vibao vya kuwaonya wapiga picha wasitembee kinyumenyume. Wapenzi wa sinema, sehemu ya ile Mad Max ya tatu ya mwaka 1985, aliyocheza Tina Turner, ilipigwa huko.

Usiku huo mzee na mwanawe walipika pamoja. Ugali wa unga wa mahindi tuliobeba, na nyama ya kangaruu iliyonunuliwa dukani. Inaliwa, tena haina mafuta. Mjomba alilala mapema. Binamu akaniuliza Tanga ikoje.

Ukiendelea kaskazini unavuka mpaka wa jimbo, unafika njia panda ya Erldunda, unakata kushoto kama kilomita 245 kwenda Uluru. Hilo ndilo lile jabali jekundu la kwenye postikadi, lina kimo cha mita 348 na kulizunguka kwa miguu ni karibu kilomita 10. Wazungu waliliita Ayers Rock mwaka 1873, lakini lilikuwa na jina na wenyewe siku zote. Watu wa Anangu walirudishiwa ardhi ile rasmi tarehe 26 Oktoba 1985. Kwa miaka mingi waliomba watalii wasipande juu kwa sababu kwao ni mahali patakatifu, na watalii wakapanda tu, wengine wakaanguka na kufa. Tarehe 26 Oktoba 2019 kupanda kukapigwa marufuku kabisa. Sisi tuliuzunguka chini kwa miguu, saa tatu na nusu, kimya.

Hapo ndipo nilipoacha kuliita pori. Pori ni neno la mtu anayepita. Watu wamekaa katika bara lile zaidi ya miaka 50,000, wanajua kila shimo la maji, na zipo njia ambazo huruhusiwi kuzikanyaga bila kibali chao. Alfajiri ile nilitoka nje kwa baridi nikakiona Kilimia kinachomoza, nyota zetu zilezile ambazo wazee wa pwani walizitumia kujua msimu wa kulima. Waanangu nao wanazo hadithi zake: ni dada saba wanaokimbia mwanamume anayewafukuza. Nilipomweleza mjomba akasema basi yule mwanamume ana pumzi.

Alice Springs, katikati ya nchi, tulipumzika siku mbili. Ulianza kama kituo cha simu ya waya, ile iliyounganisha kusini na Darwin mwaka 1872. Kabla ya reli na malori, mizigo ya huku ilibebwa na ngamia, wakiongozwa na watu kutoka Afghanistan na India ya zamani, wengi wao Waislamu. Treni ya njia hii inaitwa The Ghan kwa kuwakumbuka. Msikiti wa Adelaide waliojenga miaka ya 1888 na 1889 upo mpaka leo, na mjomba anaswali humo Ijumaa. Kwa hiyo misafara kule ilianza na ngamia, sasa ni friji na kitanda.

Kuna na kitu kingine cha Alice Springs kilichonigusa. Watu wanaokaa mbali hivi wakiugua wanafuatwa na daktari kwa ndege. Huduma hiyo ilianzishwa na mchungaji John Flynn mwaka 1928, na vipande fulani vya barabara tuliyopita vimechorwa mistari ili ndege itue juu ya lami. Sisi Afrika Mashariki tulianza ya kwetu mwaka 1957, ile iliyokuja kuwa AMREF. Watu wa masafa wanafikiri sawa.

Kilomita kama 400 kaskazini ya Alice, karibu na mawe ya duara ya Karlu Karlu, binamu ndiye aliyekuwa anaendesha. Mzee alikuwa amemwachia usukani, jambo ambalo nilidhani nitazeeka sijaliona. Kwa mbali tukaona gari limesimama pembeni, boneti iko wazi. Binamu akawasha taa za pembeni na kupunguza mwendo kabla hatujasema. Tukasimama, tukashuka watatu, mzee na boksi la spana, mimi na maji. Jamaa mmoja akatutolea kichwa kutoka nyuma ya boneti, ameshika kikaango. Gari zima kabisa! Kumbe alikuwa anaipoza injini huku anakaanga mayai ya chakula cha mchana. Tukacheka mpaka machozi. Akatukaribisha, tukala.

Darwin tulifika siku ya kumi na tisa. Joto, minazi, yaani harufu ya Tanga tupu. Mjomba alisimama ufukweni, akatusimulia kitu ambacho nilikwenda kukihakikisha na ni kweli. Mashariki ya mji ule kuna visiwa vya Wessel, na mwaka 1944 askari wa Australia aliyeitwa Maurie Isenberg aliokota huko mchangani sarafu tisa. Nne za Kidachi. Tano za Kilwa. Ndiyo, Kilwa yetu hii, enzi za masultani wake. Binamu akauliza, "Kwa hiyo sisi siyo wa kwanza kuja mbali hivi?" Mzee akamwambia pengine, ila hao hawakuwa na friji.

Haya, sasa somo, maana najua msomaji wa safu hii hapendi kuondoka mikono mitupu. Wewe unayekwenda Mpanda, Kigoma au Liwale na gari la rafiki yako, usiondoke na chupa moja ya soda na muziki. Beba maji ya kuwatosha wote siku nzima ya ziada. Mwambie mtu unapita njia gani na unategemewa saa ngapi. Gusa magurudumu. Likikufia mahali hapana watu, kaa na gari. Na ukimkuta mwenzako amesimama, punguza mwendo umuulize. Akiwa anakaanga mayai, hujapoteza kitu.

Mjomba amerudi kwenye lori lake. Binamu ameanza kujifunza ufundi wa magari makubwa, na mama yake ananiambia kwa simu kwamba sasa tatizo ni jingine: hawanyamazi. Wanabishana mezani mpaka saa nne usiku habari ya beringi ipi ni imara, na yeye anataka kulala.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Na pale kijiweni, aliyesema nimechacha anajijua. Aniandalie kahawa.